Full stop ya Bi Nyamizi: ndani au nje ya alama za kunukuu?

Wakuu, habari za mchana.

Juzi humu kulikuwa na uzi watu wanashikana mashati kuhusu Kiingereza: ukifunga quotation marks, full stop inakaa ndani au nje? Nilisoma kurasa zote. Nikaona watu wazima wenye familia zao wanaitana majina kwa ajili ya nukta. Sikuchangia, kwa sababu jibu langu ni refu mno kwa comment.

Nimeamua lipate uzi wake.

Haya yalinikuta mwenyewe mwaka juzi. Kuna kipande ningeweza kukiruka nikabaki msafi mbele yenu, ila nimekiacha kama kilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Wengi humu mnaniita "bro", na sijawahi kuwasahihisha. Mimi ni mwanamke, nina miaka arobaini na saba, nina steshenari Ng'ambo, Tabora mjini. Nachapa barua, nafanya lamination, natoa kopi, lakini kazi ninayojivunia ni dissertation. Mwanafunzi analeta daftari lililoandikwa kwa mkono kama kuku kapita, mimi namrudishia kitabu.

Nimefanya hii kazi miaka kumi na tisa. Mtaani naitwa Mama Shamimu, na wanafunzi wananiita Mama Nukta, wakidhani sijui.

Jina lilitokana na hii sheria yangu: full stop na koma vinaingia ndani ya quotation marks, siku zote, bila mjadala. Niliitoa kwenye kitini kimoja cha kopi, mwandishi simjui na jalada lilishachanika. Nikaishika kama aya.

Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Kuna njia ya Kimarekani: full stop na koma zinaingia ndani tu, hata kama si za mtu unayemnukuu. Wanaandika: The porters called the road "long."

Na kuna njia ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo ndiyo shule zetu zinafuata: unaiweka ndani ikiwa ni ya mtu mwenyewe unayemnukuu, na nje ikiwa ni yako wewe mwandishi. Wanaandika: The porters called the road "long". Lakini kama mtu alitamka sentensi nzima akaishia hapo, mnakutana: She said, "The road was long." Hapo hata Mmarekani yuko na wewe.

Hiyo ndiyo sheria yote. Mngeisoma mapema ule uzi ungeisha ukurasa wa kwanza.

Tuendelee.

Jumatatu moja asubuhi akaja Mwalimu Nestori. Huyu ni kijana wa Ulyankulu, kwao walitoka Burundi zamani kama wakimbizi, wakulima wa tumbaku na mahindi, Wakatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Anafundisha historia sekondari, mpole, anaongea kwa kufikiri. Alikuwa anasoma Master's, na dissertation yake ilihusu wapagazi, wale waliobeba mizigo ya misafara kati ya Unyanyembe, yaani Tabora ya zamani, na pwani enzi za babu zetu. Alikuwa amezunguka kuongea na wazee wenye habari walizoachiwa na babu zao.

Draft ya kwanza niliichapa mimi, mwaka mmoja kabla. Sasa ilikuwa imerudi kutoka kwa supervisor wake na maoni mengi madogo na moja kubwa. Nalikumbuka: alama kwenye nukuu haziko sawa, fuata mtindo wa Uingereza, rekebisha kazi nzima.

Yaani mimi ndiye nilikuwa nimesahihishwa. Miaka yote ile, nikakosolewa na kalamu nyekundu ya mtu nisiyemjua.

"Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa, Mama Shamimu," Nestori akaniambia. "Nikiikosa Ijumaa, mahafali ya mwaka huu sipo."

Akaniambia na jambo jingine, kwa aibu kidogo. Baba yake kule Ulyankulu alishashona suti ya mahafali. Mzee hakuwahi kuvaa suti maishani, hata siku ya ndoa yake alivaa shati la kuazima. Suti ilikuwa inaning'inia ukutani imefunikwa na mfuko wa mbolea uliofuliwa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya chai moja.

Nikafungua faili, nikaenda Find and Replace. Kila penye nukta ndani, itoe nje. Replace All. Kompyuta ikafanya kazi kwa sekunde tatu ikaniletea ujumbe kwamba imemaliza. Nestori akacheka kwa furaha, akanunua soda mbili.

Nilipoanza kupitia kurasa nikaona nimeharibu. Sasa zote zilikuwa nje, hata zile sentensi nzima ambazo nukta ilikuwa ya mzee mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikahamia kwenye jingine.

Mtindo wa Uingereza hauna Replace All. Unakulazimisha kusimama kwenye kila nukuu na kuuliza: huyu mtu aliishia hapa, au mimi ndiye niliyemkata hapa?

Nukuu zilikuwa mia moja thelathini na sita.

Nikamuuliza Nestori, "Huyu mzee wa nukuu ya tatu, aliishia hapa?"

"Nitajuaje leo? Ni mwaka umepita."

"Una sauti zao?"

Alikuwa nazo zote kwenye simu. Nikamwambia azinakili kwenye kompyuta yangu, nami nisikilize moja moja. Kiingereza ni tafsiri yake, lakini mahali mtu anaponyamaza panasikika kwa lugha yoyote.

Basi Jumanne nzima nikakaa na earphone masikioni. Wateja wa kopi walikuwa wananionyesha kwa vidole wanataka ngapi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa faida ya wasiotoka huku kwetu, ingawa nadhani karibu kila Mtanzania anaijua hii tabia ila hajawahi kuiangalia.

Mtu wa kwetu akisimulia hamalizi sentensi. Anaifikisha mlangoni, anapandisha sauti, anakuachia wewe uingie nayo. "Tukatembea, tukatembea, mpaka tukafika Tuuu...?" Na wewe unajibu, "Tura," kituo cha misafara enzi zile. Anasema "Eeh," anaendelea. Mwalimu anafanya hivyo darasani, ustadhi anafanya hivyo, padri pia, na mgombea jukwaani ndiyo usiseme. Usipojibu, msimuliaji anaona humsikilizi. Kumalizia ni adabu.

Nestori ana adabu nyingi. Kwenye zile sauti alikuwa anamalizia kila mzee. Mzee anaanza, yeye anafunga. Kisha anachukua sentensi nzima anaiweka ndani ya quotation marks kama ya mzee.

Nikaanza kuona kwamba neno la mwisho kwenye nukuu nyingi si la aliyetajwa, ni la Nestori.

Nyingi hazikuwa na madhara. Tura ni Tura, nani atagombana nayo. Mzee mmoja, shemeji wa Nestori kwa ukoo, aliachia neno, Nestori akamalizia kwa kusema asali. Yule mzee akafoka, "Chumvi, wewe! Asali tubebe kupeleka wapi?" Nikacheka peke yangu dukani mpaka mama mwenye photocopy ya cheti akaniangalia vibaya.

Lakini yule alifoka kwa sababu ni shemeji.

Nukuu ya sabini na mbili ilikuwa ya Bi Nyamizi.

Huyu ni bibi wa hapa hapa Ng'ambo, nyumba yake iko nyuma ya msikiti, mitaa mitatu kutoka kwangu. Mzaliwa wa Tura, alikuja mjini kwa treni akiwa msichana kuolewa. Anauza karanga za kukaanga kwenye chupa. Ana mdomo, kila mtu anamjua, na kila mtu anamsalimia haraka haraka apite.

Kwenye dissertation alikuwa anasema hivi: "My grandfather left Tura with the caravan, they went as far as the coast, and there he was sold."

Chapter nzima ya nne ilikuwa imejengwa juu ya hiyo sentensi. Na supervisor kwenye draft ya kwanza alikuwa ameandika pembeni neno moja la sifa na kulipigia mstari mara mbili.

Nikabonyeza sauti.

Bi Nyamizi anasema: "Babu yangu akaondoka na msafara pale Tura. Wakaenda, wakaenda, mpaka pwani. Sasa kule pwani akaaa...?"

Kimya kidogo. Jogoo anawika.

Nestori: "Akauzwa."

Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Halafu Bi Nyamizi anasema, "Haya." Na anaanza kuulizia kama mgeni ameshapewa maji.

Nilirudia mara sita. Ni "haya" basi, hakuna "eeh".

Sisi tunaijua hiyo "haya". Mgeni amekuja kwako, amekuletea sukari kilo mbili, amekaa kwenye mkeka wako na kalamu. Akisema kitu kisicho sawa humbishii. Unasema haya, unaulizia maji.

Sasa niambieni wakuu, kwenye hiyo nukuu full stop inakaa ndani au nje?

Nikampigia Nestori aje. Akaja jioni baada ya vipindi, na chaki bado kwenye vidole. Nikamsikilizisha. Akaomba nirudie.

"Hakukataa, Mama Shamimu," akasema mwishowe. "Alisema haya."

Nikamshukia. Nilimwambia ukoo wa mtu si insha ya kujaza mapengo. Nikamwambia hapa Tabora neno hilo la utumwa ukilibandika kwenye nyumba ya mtu halibanduki, watu wanaposana wanaulizana mambo ya babu mpaka leo, ingawa kwa kunong'ona. Nikamwambia yeye mtoto wa Ulyankulu angepaswa kujua kuliko wengine maana ya watu kukusimulia asili yako kwa niaba yako. Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Lilimuuma, niliona.

Akauliza kwa sauti ile ile ya upole, "Daftari langu bado unalo?"

Huwa ninatunza daftari za wateja kwenye maboksi mpaka waje wenyewe kuzichukua. Nikashusha boksi, nikapata lake, counter book ya jalada jekundu. Tukatafuta mpaka tukafika.

Kwa mkono wake alikuwa ameandika maneno ya Bi Nyamizi mpaka "and there he", akaweka vidoti vitatu, akafunga quotation marks. Nje ya alama, peke yake, akaandika: was sold? Alama ya kuuliza ipo, kubwa. Na juu yake kwa herufi ndogo: mimi.

Hicho ndicho kipande nilichowaambia ningeweza kukiruka.

Nilikumbuka siku niliyoichapa. Niliona vidoti vinavyoning'inia, maneno yamebaki nje kama mbuzi aliyesahaulika, alama ya kuuliza isiyo na mwenyewe. Ile "mimi" nilidhani alikuwa anajaribisha kalamu. Nikafuta vidoti, nikafuta alama ya kuuliza, nikasogeza quotation marks zikameza kila kitu, nikaweka full stop ndani. Sheria yangu. Nikaona imependeza.

Bi Nyamizi hakusema babu yake aliuzwa. Nestori aliuliza tu. Aliyesema ni mimi.

"Na wewe kwa nini hukuona nilivyokurudishia?" nikamuuliza, maana nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye.

"Niliona," akasema. "Ilikuwa imekaa vizuri sana. Supervisor naye akaisifu. Nikajua basi ndivyo nilivyosikia."

Tukakaa. Nje watu walikuwa wanafunga maduka. Nilisikia aibu hadi kwenye masikio, na aibu yangu mimi ikinishika inataka kujificha. Nikasema kitu ambacho leo nakiandika ili nisije nikasahau kwamba nilikisema.

Nilisema, "Tuiache."

Nikamwambia hakuna profesa atakayepanda basi kuja nyuma ya msikiti kuuliza. Bibi hasomi Kiingereza. Suti imeshashonwa. Tuweke nukta ndani, nipitie zilizobaki, Ijumaa ifike.

Nestori alikuwa anafuta chaki kwenye vidole.

"Angekuwa amefariki pengine ningeiacha," akasema. "Lakini yupo hapo nyuma ya msikiti."

Jumatano asubuhi alichukua ruhusa shuleni. Mimi nikafunga duka, jambo ambalo huwa silifanyi siku ya kazi. Tukaenda kwa Bi Nyamizi na daftari na kilo mbili za sukari. Sukari nilimkataza Nestori nje ya mlango, nikamwambia safari hii twende mikono mitupu, tupate jibu la kweli.

Hatukumkuta. Jirani akasema ameenda hospitali ya Kitete, kliniki ya macho.

Tukamkuta Kitete kwenye benchi, wa tano kwenye foleni. Kanga mbili, kadi mkononi, na chupa moja ya karanga alikuwa ameshaiuza kwa mgonjwa wa pembeni yake.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba. Nani nyie? Macho yangu yana ukungu." Nestori akaongea kidogo, bibi akamtambua kwa sauti. "Ah, wewe ni wa sukari. Na huyu?"

"Mama Shamimu, bibi. Wa steshenari."

"Wa kuchapa. Unaumwa nini?"

Nikasema hatuumwi, tumekuja kwa ajili yake. Nikamweleza: kuna kitabu cha Mwalimu Nestori, maneno yake yamo, tunataka kuhakiki kabla hakijaenda. Nikamsomea, nikigeuza Kiswahili kadiri nilivyosoma. Babu yangu aliondoka Tura na msafara, wakaenda mpaka pwani, na kule akauzwa.

Bi Nyamizi aligeuza kichwa kunitafuta uso.

"Nani kasema akauzwa?"

Mgonjwa wa pembeni aliacha kutafuna.

"Nauliza. Nani kasema?"

"Mimi, bibi," akasema Nestori.

"Na aliyeandika kwamba umesema wewe ni mimi," nikasema.

"Babu yangu!" Sauti ilipanda mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. "Mzee Kapela, aliyebeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tura hadi pwani na kurudi, akalipwa nguo yake, akalipwa shanga zake! Ukoo wetu tumekaa Tura tunajulikana kwa mabega. Nyie mnaniuzia babu yangu mimi nikiwa hai?"

"Bibi, ulisema haya," Nestori akasema taratibu. Hakuwa anajitetea, nadhani alitaka tu kujua.

"Nitasemaje? Umeniletea sukari, umekaa kwenye mkeka wangu, nikubishie? Tena nilikuona. Ulikuja na jibu lako mfukoni, mjukuu wangu. Ulikuwa unatafuta mdomo tu wa kulitilia."

Nestori aliinamisha kichwa.

Halafu Bi Nyamizi akasema jambo ambalo ninalikumbuka kila ninapofungua faili la mtu. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mimi wa leo kesho. Mngenizika na neno la mtu mwingine mdomoni."

Wakuu, mimi si mtu wa kulia. Nilitazama bango la ukutani lenye picha ya jicho lililokatwa nusu, nikalisoma lote hadi chini.

Nikamuuliza, "Sasa bibi, kule pwani babu alifanya nini?"

Uso wake ukabadilika. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akifunika mdomo na kanga.

"Si akaoa!"

"Akaoa?"

"Akaoa! Ana mke Tura, na mimba ya baba yangu iko tumboni, yeye kafika pwani kaona wanawake wamejipaka manukato, kaoa. Mwaka mzima hatumwoni. Karudi na nguo, shanga na mke wa pili anayeogopa ng'ombe. Bibi yangu alimrushia mchi. Kwetu ukisema kule pwani akaaa, nyumba nzima inamalizia akaoa na watu wanacheka mpaka wanalia. Nilikuachia hapo ili ucheke," akamwambia Nestori. "Ukaniambia akauzwa, na uso kama uko msibani."

Mgonjwa wa karanga alikuwa anacheka waziwazi. Nestori naye akaanza, kidogo kidogo, kisha vibaya. Nilicheka na mimi. Nafuu ndiyo ilinichekesha kuliko yule babu.

Nesi akaita namba ya Bi Nyamizi. Akasimama, akashika bega la Nestori ili asijikwae. Kabla hajaondoka akaturudia.

"Una kalamu? Andika sasa, nione. Nimesoma mpaka darasa la nne, imla naijua." Akajinyoosha kama mwalimu mbele ya ubao, akasoma polepole, neno kwa neno. "Babu yangu. Aliondoka Tura. Na msafara. Akafika pwani. Akaoa." Akasubiri kalamu ya Nestori imfikie. "Nukta."

Akaingia kwa daktari.

Sasa yaliyofuata, kwa kifupi. Chapter ya nne ilianguka. Nestori hakuweza kuijenga upya kwa siku mbili, na hakutaka kuilipua. Alimwandikia supervisor ukweli wote, pamoja na wangu, ingawa nilimwambia anaweza kuniacha nje. Supervisor alijibu kwa mistari miwili: asante kwa uaminifu, muda haubadiliki.

Ijumaa ikapita. Mahafali ya mwaka ule hakuwepo. Suti ya mzee ilikaa ukutani mwaka mwingine chini ya mfuko wa mbolea, na nilipoambiwa kwamba mzee alikuwa anaitoa kila Jumapili kuipunga upepo, nililala vibaya.

Tulisikiliza upya nukuu zote mia moja thelathini na sita, Nestori na mimi, jioni baada ya vipindi vyake, miezi minne. Wazee tuliowapata tuliwarudia. Ukimtoa yule shemeji, kumi na moja walikuwa wamemaliziwa vibaya na wote walisema haya. Chapter mpya ya nne ilihusu wapagazi waliooa njiani na kurudi na wake wa pwani. Nasikia watahini waliibishania sana, kwa uzuri.

Bi Nyamizi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, likafunguka. Mwaka jana kitabu kilipotoka kufungwa jalada nilimpelekea kwake mimi mwenyewe. Mkono mtupu, alishanizoea.

Hakutaka kusomewa. Alisema Kiingereza kinamkwaruza masikio. Akasema nimwonyeshe tu pale alipo. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole kwenye jina lake, nikakisogeza hadi mwisho wa sentensi.

Akainama, jicho lile zima karibu liguse karatasi.

"Na nukta yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Iko kabla ya quotation marks kufungwa. Aliitamka mwenyewe, ni yake, iko ndani.

Aliigusa kwa ukucha, akatingisha kichwa kama mtu aliyehesabiwa chenji sawasawa, akaniuliza kama nataka karanga.

Hilo ndilo jibu langu kwa ule uzi. Kitini changu cha zamani nilikitumia kuwashia mkaa. Kabla hamjauliza ndani au nje, ulizeni ya nani. Ukishajua ya nani, pa kuiweka utaona mwenyewe. Na ukiona maneno yamening'inia kwenye kazi ya mtu, usiyapange yapendeze kabla hujamuuliza kwa nini ameyaacha hivyo.

Mzee wa Ulyankulu alivaa suti. Ilikuwa imembana kidogo tumboni, mwaka ni mwaka.

Karibuni wanaochapa, wanaohariri, waandishi wa habari, makarani wa mikutano, na wazee wenye babu waliopita hii njia. Mliwahi kumwekea mtu neno mdomoni akawajibu "haya"? Andikeni, nitasoma zote. Ila mkiacha sentensi njiani, mimi simalizii tena.